Uwanja wa Bunia Unaanzia Nizi

Vilima vya Nizi vinatoa vitu viwili, na kila kimoja kina safari yake. Cha kwanza ni dhahabu. Kilo moja, ambayo mwaka 2025 bei yake kwenye soko la dunia ilipita dola 100,000, inaingia kwenye mfuko wa koti na nafasi ya leso ikabaki. Cha pili ni chakula: viazi, kabichi, maharage na mihogo ya Djugu, mali ambayo thamani yake iko kwenye wingi, na ambayo haina budi kupakiwa kwenye Fuso, kufungwa turubai, kusukumwa topeni na kulipiwa kwenye kila bariyeri. Dhahabu ndiyo inayostahili ndege, lakini inaikwepa, maana ndege ina orodha ya mizigo. Kabichi ndiyo inayotaka barabara, na barabara ndiyo shida.

Anayeketi kupanga uwanja wa ndege wa Bunia kwa miaka 20 ijayo angefaa kuanza na kitendawili hicho. Kwa bahati mbaya, mipango ya viwanja vya ndege katika nchi zetu huanza na picha ya jengo la abiria: vioo vingi, paa lililopinda kama bawa, na mawaziri waliovaa kofia za ujenzi. Picha hiyo huning'inizwa ukutani hata kabla mtu hajauliza mzigo utafikaje kwenye geti.

Nizi iko wilaya ya Djugu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini mwa Bunia kwa mwendo usiofika kilomita 40. Jirani yake ni Iga-Barrière, mji mdogo ambao jina lake lenyewe ni kizuizi cha barabarani, na ni katika eneo hilo ambako magari ya Mongbwalu na magari ya Mahagi hugawana njia. Hii ni nchi ya migodi ya Kilo-Moto. Dhahabu iligunduliwa Kilo mwaka 1903, kampuni ya migodi ikaundwa mwaka 1926, mwaka 1966 ikawa shirika la serikali kwa jina la OKIMO, na leo inaitwa SOKIMO. Bwawa la umeme la Budana kwenye mto Shari lilijengwa kwa ajili ya migodi hiyo. Kwa hiyo, mtu akikuambia eneo hili halijawahi kupangiwa miundombinu, mkatalie. Lilipangiwa, tena kwa ustadi. Shida ni kwamba lilipangwa ili kitu kimoja tu kitoke.

Tutazame kwanza uwanja wenyewe. Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri tangu jimbo hilo lilipozaliwa mwaka 2015, na uwanja wake, ambao wenyeji wanauita Murongo, una njia ya kurukia ambayo orodha za marubani zinaiandika kuwa na urefu wa mita 1,850. Kwa mtu wa kawaida huo ni urefu wa kutosha. Ni karibu kilomita mbili. Lakini Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Bawa linashika hewa kidogo, injini inavuta hewa kidogo, na ndege inalazimika kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina kanuni ya makadirio ambayo yeyote mwenye kalamu anaweza kuifuata. Kwa kila mita 300 za mwinuko, ongeza asilimia 7 kwenye urefu wa njia. Kisha ongeza asilimia 1 kwa kila nyuzi ya joto inayozidi kipimo cha kawaida cha mwinuko huo, ambacho kwa Bunia ni nyuzi 7 hivi. Siku ya jua la kawaida, nyuzi 25, hesabu inafika hapa: njia ya mita 1,850 ya Bunia inafanya kazi ya njia ya mita 1,200 hivi iliyoko pwani siku ya baridi. Kanuni hiyohiyo inaonya kwamba nyongeza ikipita asilimia 35, makadirio ya kalamu hayatoshi tena na lazima ufanyike uchunguzi maalumu. Bunia inapita asilimia 50.

Kwa maisha ya kila siku maana yake ni hii. Boeing 737-800 iliyojaa, aina ambayo Air Congo ilianza nayo safari zake Desemba 2024 ikishirikiana na Ethiopian Airlines, inahitaji zaidi ya mita 2,000 hata kwenye usawa wa bahari. Ndege kubwa inayotaka kuondoka Bunia salama inapunguza mafuta, abiria au mzigo, na mara nyingi kinachoachwa ni mzigo. Kuongeza vyumba vya kungojea hakuongezi hata kilo moja kwenye tumbo la ndege hiyo.

Haya si mambo ya nadharia. Juni 2003, Bunia ilipokuwa ikiteketea kwa vita vya wanamgambo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio namba 1484, na jeshi la Umoja wa Ulaya likiongozwa na Ufaransa likaingia kwa operesheni iliyoitwa Artemis. Majeshi ya nchi tajiri yalijikuta yakipimwa na njia ya kurukia ya Murongo. Ndege kubwa zilitua Entebbe, na kutoka huko watu na vifaa vilivushwa kwa ndege za pangaboi za aina ya C-130 na Transall. Wahandisi wa kijeshi walilazimika kuifanyia njia hiyo matengenezo ili ibebe uzito. Wenye fedha zote wakipita kwenye tundu la sindano, mfanyabiashara wa samaki wa chumvi wa Tchomia, kando ya Ziwa Albert, afanyeje?

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapangaji hulipita haraka, nami naona ndilo kiini.

Kupanga uwezo wa uwanja huanza na makadirio ya abiria. Unachukua takwimu za miaka iliyopita, unaangalia mstari unakopanda, unauendeleza hadi mwaka 2045, kisha unajenga kulingana na mstari huo. Njia hii inafaa mahali ambapo watu wanapanda ndege kwa sababu wamepata fedha, biashara imekua, watalii wameongezeka. Ituri si hivyo. Tangu ghasia za Djugu zilipofumuka upya Desemba 2017, barabara ya taifa namba 27, inayopita Bunia kuelekea Mahagi, imekuwa ya kuviziwa. Magari yamechomwa, wasafiri wameuawa, na kuna majira ambapo hakuna gari lililothubutu kutoka bila msafara wa jeshi. Tangu Mei 2021 jimbo linatawaliwa kijeshi chini ya hali ya dharura. Mwenye uwezo, au mwenye shirika la kumlipia, akaacha gari akapanda ndege. Ndege za misaada za UNHAS na za wamisionari wa MAF zikawa basi la masafa mafupi, zikiruka umbali ambao pikipiki ingeumaliza kabla ya chakula cha mchana kama kungekuwa na amani.

Abiria hao nawaita abiria wa hofu. Ukiwahesabu utaona uwanja unajaa, na kwa kweli unajaa. Lakini siku barabara itakapopona, wengi wao watarudi kwenye Fuso na taksi-moto, kwa sababu hakuna mtu wa Djugu anayependa kutoa fedha nyingi kwa safari fupi. Siku hiyohiyo kitu kingine kitaongezeka: mzigo. Barabara ikiwa salama, viazi vya Fataki vitafika Bunia vingali vigumu, samaki wa Tchomia na Kasenyi watafika na barafu yao, na wanunuzi wa kahawa na kakao watathubutu kufuata mali hadi shambani. Ndipo utakapokuwepo mzigo halali wa kujaza ndege. Kwa hiyo mstari wa abiria na mstari wa mizigo wa Bunia haipandi pamoja kama vitabu vya mipango vinavyodhani. Amani itaushusha mmoja na kuupandisha mwingine. Atakayejenga jengo kubwa la abiria kwa takwimu za vita atapata ukumbi mtupu na ghala lililofurika.

Mwaka 2018 ulitufunza pia kwamba hofu ikizidi, watu hawasubiri ndege wala gari. Kati ya Februari na Machi mwaka ule, makumi ya maelfu ya watu wa Djugu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi ya wavuvi hadi Sebagoro, upande wa Uganda, wakapelekwa kambi ya Kyangwali. Huo pia ni uwezo wa usafiri, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kuuandika kwenye mpango.

Ziwa hilo lina habari nyingine, ya zamani kidogo. Wakati wa ukoloni, mzigo wa Mombasa ulikuwa na mnyororo kamili hadi kwenye migodi ya Kilo. Reli ilifika Ziwa Viktoria. Kutoka Jinja reli nyingine ilikwenda Namasagali. Meli ikavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Malori yakashuka Butiaba. Na meli za Ziwa Albert zikamalizia hadi Kasenyi na Mahagi Port, ambako barabara za kampuni zilikuwa zinangoja. Upande wa magharibi, reli nyembamba ya Vicicongo kutoka Aketi ilifika Mungbere mwaka 1937, na malori yakaendelea kutoka hapo. Butiaba palikuwa hata na kiwanja cha ndege; mwandishi Ernest Hemingway alinusurika hapo Januari 1954 baada ya ndege yake kushika moto ikijaribu kuruka, ajali yake ya pili katika siku mbili. Mapema miaka ya 1960 ziwa lilifurika, bandari ya Butiaba ikazama, meli Robert Coryndon ikazama nayo, na mnyororo ukakatika. Haujaungwa hadi leo. Sina hamu ya kuusifu ukoloni, lakini wale watu walijua jambo moja: bandari bila reli, na reli bila lori, ni hasara tupu.

Waliokuja baada yao hawakulijua kila wakati. Mobutu alijijengea Gbadolite, kijijini kwao, uwanja wenye njia ya mita 3,200, na Concorde ilitua pale. Kilomita mia kadhaa za msitu zikaachwa bila barabara ya maana. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, uwanja ulibaki na urefu wake na ukimya wake. Wakongomani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa uwanja uliojengwa bila mzigo. Wala Kenya haikosi wa kwake, wa kukwama: mwaka 2013 ilizindua kwa ngoma na hotuba ujenzi wa jengo la Greenfield kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, la kuhudumia abiria milioni 20 kwa mwaka, na mwaka 2016 ikaufuta mradi huo.

Wakati huo jirani hakulala. Ng'ambo ya Ziwa Albert, pale Kabaale wilayani Hoima, Uganda imejenga uwanja wa Kabalega kwa ajili ya mitambo ya mafuta, wenye njia ya mita 3,500. Kutoka Murongo hadi hapo, kwa mstari wa kunguru, ni karibu kilomita 100. Kutoka Murongo hadi Entebbe, ambako tayari kuna ghala la kisasa la mizigo lililojengwa kwa mkopo wa Exim Bank ya China, ni kilomita 300 hivi. Kutoka Murongo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700.

Hesabu hizo zinasema wazi kwamba Bunia haiwezi kushindana na viwanja viwili vya Uganda kwa ndege kubwa za mizigo zinazokwenda Dubai au Ulaya, na haina sababu ya kujaribu. Tena kampuni za ndege zilizosajiliwa Kongo ziko kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2006, hivyo mzigo wa Ulaya utapitia kwa jirani hata hivyo. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa mtazamo wangu, uanachama huo utakuwa na maana Ituri siku kabichi itakapovuka mpaka Goli au Mahagi Port kwa karatasi moja badala ya kumi. Kazi ya Murongo ni nyingine: kuunganisha Ituri na Kisangani, Kinshasa na miji ya mashariki, kwa ndege za kati, mwaka mzima, mvua inyeshe isinyeshe. Kazi hiyo imekuwa nzito zaidi tangu Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wake ukafungwa, kisha Kavumu ya Bukavu ikafuata Februari.

Kwa kazi hiyo, cha kwanza kinachotakiwa Murongo ni ardhi. Mita mia chache za ziada za njia, na eneo la usalama kila mwisho, ambalo ICAO inapendekeza lifike mita 240, havijengwi juu ya paa za watu. Bunia inakua kwa kasi, na wakimbizi wa ndani wanaongeza mitaa kila mwaka. Tumekwisha kuona mwisho wa jambo hili. Tarehe 8 Januari 1996, Antonov iliyozidishiwa mzigo ilishindwa kuruka N'Dolo, katikati ya Kinshasa, ikaingia soko la Simbazikita na kuua zaidi ya watu 200. Aprili 2008, Goma, DC-9 ilipita mwisho wa njia, ambayo tayari ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002, ikaangukia mtaa wa Birere. Kuweka mipaka ya uwanja leo, na kuwalipa haki yao wenye viwanja, ni nafuu kuliko kuhamisha mtaa mzima baada ya msiba. Jambo hili halina utepe wa kukata, ndiyo maana halifanyiki.

Cha pili ni mizani na ghala baridi. Havina fahari yoyote. Lakini ghala lenye baridi ndilo linalompa mfanyabiashara wa samaki subira ya kungoja ndege iliyochelewa, na ndilo linalohifadhi chanjo. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, chanjo ilitakiwa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na kila kituo cha njiani kikawa kiungo cha uhai.

Cha tatu, ambacho kwa haki kingekuwa cha kwanza, ni barabara ya Bunia hadi Nizi na kuendelea. Ukiuliza watu wazima wa Djugu watakutajia kantonye, wale watu wa kijijini waliolipwa kutunza kipande chao cha barabara kwa jembe na chepeo: kufungua mifereji, kuziba shimo lingali dogo. Siri ya barabara ya udongo ni maji; ukiyaondoa, itadumu. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, upo kisheria tangu mwaka 2008, na magari yanalipa. Kantonye wa Nizi akipata mshahara wake kila mwezi kutoka kwenye mfuko huo, atafanya kazi ambayo greda la mara moja kwa miaka mitatu haliwezi. Tena, kijana mwenye jembe lenye mshahara ana sababu moja pungufu ya kushika bunduki, ingawa sitaki kudai kwamba barabara peke yake italeta amani Djugu. Kwamba barabara inaweza kutengenezwa tunajua: mgodi wa Kibali, kule Haut-Uélé, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013, ulihitaji mitambo ifike, na barabara ya Aru hadi Doko ikatengenezwa.

Inabaki dhahabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Ituri inavuka kwenda Uganda bila kuandikwa. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba mzigo wenye thamani kuliko yote jimboni haumo kwenye takwimu zake hata kidogo, na kodi ambayo ingelipia lami haipo. Mfuko wa koti unashinda ghala kwa sababu ya ushuru, vizuizi na woga wa kunyang'anywa. Bei ya haki na ofisi inayopima bila kuomba chochote vingeirudisha sehemu ya dhahabu hiyo kwenye orodha. Bila hivyo hakuna kamera ya uwanjani itakayoiona.

Ndiyo maana nasema hesabu ya uwanja ifanyike Iga-Barrière kabla ya kufanyika Murongo. Vijana wawili, daftari, wiki moja ya kiangazi na wiki moja ya masika: Fuso ngapi zimepita, zimebeba nini, zimetoka wapi, zimelipa mara ngapi, ngapi zimerudi tupu. Gharama yake haifikii hata ya mchoro ule wa paa la bawa.

Na kwa wasimamizi wa viwanja vya ndege nina ombi moja. Tangu mwaka 2009 kila abiria anayeruka kutoka uwanja wa Kongo hulipa Go-Pass, iliyoanza kwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa za nje, na tuliambiwa ni kwa ajili ya kuviendeleza viwanja hivyo. Bandikeni Murongo, ukutani karibu na dirisha lilelile la kulipia, karatasi moja kila mwezi: zimekusanywa ngapi hapa Bunia, na zimefanya nini hapa Bunia.